Ramani ya Gredi ya Nane na Minazi ya Mwenyekiti

Dada yangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nakuongezea shikamoo ya pili hapohapo kabla hujaitikia ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya kukulainisha. Nina jambo. Mguu je? Umepungua uvimbe, au bado unasimama kutwa nzima mbele ya jiko la vitumbua? Keti, dada. Vitumbua vinaiva hata mpishi akiketi. Mimi huku afya ninayo, chakula napata, meno yote yamo kinywani isipokuwa lile ulilonig'oa wewe kwa uzi. Ni moyo tu unaonienda mbio, na habari yake ndiyo hii.

Kwanza usishtuke kwa wino mwekundu. Najua kwetu barua nyekundu ni barua ya ugomvi. Hii ni kalamu ya kusahihishia madaftari, ndiyo iliyokuwa mfukoni. Pili, mwambie mwanao Saumu akusomee polepole, na akifika mahali pa aibu asiruke. Namjua, ana huruma na mjomba wake. Asome yote. Kwenye simu nisingeweza, maana kwenye simu unaniitikia "ehe, ehe," nami nikizisikia hizo "ehe" zako naongeza chumvi. Karatasi haisemi ehe.

Unakumbuka nilipokupigia mwezi wa pili nikakwambia nimekuwa mwalimu, ukapiga kigelegele mpaka masikio yangu yakaziba? Ni kweli nafundisha. Nafundisha gredi ya nane, watoto thelathini na wanne, jiografia ya dunia na uraia, katika shule iliyo bara kidogo ya Takaungu, huku kwenye minazi ya Wachonyi na Wagiriama. Hilo halina uongo. Uongo uko kwenye mlango nilioingilia.

Mimi hapa niliandikwa askari wa lango. Hilo nalo sikukwambia, nilikwambia "niko upande wa elimu." Mwalimu wa somo hilo alihamishwa, serikali haikuleta mwingine, na mwalimu mkuu, Madam Kadzo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kengele, akawa anafundisha madarasa mawili kwa mpigo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Siku moja gredi ya nane wanapiga kelele za mnada wa samaki, nikaingia kuwanyamazisha. Nikauliza, "Nani anajua, ukitoka Mombasa kwa meli ukashika kusini, bandari ya kwanza ni ipi?" Kimya. Unanijua dada, ukinipa kimya nakijaza. Nikawapa Tanga, Dar es Salaam, Beira, mpaka Durban. Nikageuza usukani nikawapa Aden, Jeddah, Karachi. Nikawaambia Durban kuna baridi ya kupasua midomo, na Karachi nilizama kwenye biriani mitaani mpaka nahodha akatuma watu wanitafute. Kugeuka, Madam Kadzo yuko dirishani amekunja mikono.

"Bakari," akasema, "kumbe nimeweka atlasi langoni kufukuza mbuzi."

Bodi ya shule ikakaa. Mwenyekiti wake, Mzee Kahindi, akauliza, "Vyeti anavyo?" Nami kwa huu mdomo wangu usio na breki nikajibu, "Vipo mzee, cha kidato cha nne na cha chuo. Viko Vanga kwa dada yangu, sandukuni." Wakaniandika mwalimu wa bodi mpaka vyeti vifike. Kwa hiyo dada, tangu mwezi wa pili wewe una vyeti vyangu sandukuni na huna habari.

Shule yangu iliishia wapi, wewe ndiye shahidi. Kidato cha pili, asubuhi ile niliyokimbilia meli nikakuacha na sare yangu mkononi umeshaipiga pasi.

Sasa niruhusu nijisifu, kwa sababu mtu akitaja dhambi zake apewe nafasi ya kutaja na thawabu. Nafundisha vizuri. Kitabu nawatangulia ukurasa mmoja kila siku, na siku nyingine tunaufungua pamoja. Wiki ya kwanza nilichora dunia nzima kwenye ukuta wa nyuma kwa mkaa na chokaa. Bandari zote mahali pake, hata bandari ambazo kitabu chenyewe hakina. Nikasimama kando nikingojea sifa. Msichana mmoja akainua mkono, Dama, mjukuu wa huyohuyo Mzee Kahindi, mtoto wa maneno machache na macho ya karani.

"Mwalimu, Uganda iko wapi?"

Nikatazama. Uganda haimo. Rwanda haimo. Ethiopia, nchi kubwa vile, haimo. Dunia yangu yote ilikuwa ukingo mtupu na katikati chokaa. Nchi isiyo na bandari mimi ningeijulia wapi?

"Uganda haina bahari," nikamjibu, "kwa hiyo inakuja kwa lori. Itafika kesho."

Wakacheka darasa zima. Nikaazima atlasi ya Madam, nikaihifadhi Afrika ya ndani kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura, na kesho yake Uganda ikafika na jirani zake wote. Nikawaambia, "Mwalimu wenu ameizunguka dunia kwa pembeni. Katikati tutaingia pamoja." Tangu siku hiyo wananiuliza, nikiwa sijui nasema sijui, tunatafuta. Hakuna darasa linalouliza maswali kama langu, kuanzia hapa mpaka Malindi. Muulize yeyote.

Balaa limetoka kwenye somo la kipimo cha ramani. Kitabu kinataka mwanafunzi achore ramani ya shule yake. Mimi sifundishi kwa mdomo jambo linalofundishika kwa miguu. Tukaazima utepe wa fundi seremala, kila mtoto akapima urefu wa hatua yake, kisha tukaanza kuutembea mpaka wa shule, kutoka bikoni hadi bikoni, yale mawe ya saruji ya wapima ardhi. Na kwa kuwa uraia pia ni somo langu, nikamwomba Madam ile ramani ya kiwanja iliyoko ofisini, watoto waone mali ya umma inavyoandikwa.

Pande tatu zilipatana na karatasi. Upande wa nne, wa kwenye minazi, ulikataa. Kwa kipimo cha hatua za Dama, karatasi inataka mia mbili na kumi. Dama akatembea mia moja na sitini na tano akagonga seng'enge.

"Umeruka hesabu," nikamwambia.

Akarudia. Mia moja na sitini na tano. Nikamtuma mwingine, naye akagonga waya. Watatu wakapenya chini ya seng'enge wakaendelea kuhesabu kwa sauti katikati ya minazi, na ilipofika mia mbili na kumi tukasikia kelele. Bikoni ya nne walikuwa wameikuta, imefunikwa makumbi ya nazi, lundo zima, kama mtu aliyefunikwa blanketi asionekane.

Ile seng'enge ni ya Mzee Kahindi. Aliivuta wakati wa likizo, shule ikiwa tupu, na mimi mwenyewe askari wa lango nilimwona, nikamsaidia hata kushika nguzo moja. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu ndani ya kipande kile mna minazi yake. Unajua desturi yetu watu wa pwani: mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa umesimama kwenye ardhi ya mwingine. Watu walimwona anaizungushia minazi yake wakasema ana haki. Lakini mnazi ukishazungushiwa waya, na udongo umo ndani yake.

Na udongo ule, dada, ndipo pa kujenga darasa la gredi ya tisa. Kokoto zimeshamwagwa. Lisipojengwa, mwakani hawa wangu thelathini na wanne watavuka barabara kuu ya Malindi kila asubuhi kwenda shule ya ng'ambo, na malori ya barabara ile hayana subira.

Watoto wakachora. Karatasi nne kubwa zimegundishwa kwa uji wa muhogo, mpaka wa kweli kwa wino mweusi, waya kwa wino mwekundu. Madam Kadzo aliitazama muda mrefu, kisha akasema polepole, naye polepole haijui, "Bakari, Ijumaa ni mkutano wa wazazi. Hii itajisimamisha yenyewe au utaisimamisha wewe?"

"Mimi, Madam. Mtu aliyepita Ghuba ya Aden wakati wa maharamia atashindwa na mkutano wa wazazi?"

Jana Mzee Kahindi akaja. Alisimama mlangoni katikati ya somo, kofia mkononi. Watoto wakasimama kumwamkia. Dama akainamia daftari. Mzee akaiangalia ramani kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ambayo hakujua imepigwa. Akaniita nje, kwenye tangi la maji.

"Baharia."

"Naam, mzee."

"Nani kawafundisha watoto kuhesabu minazi ya watu?"

"Hawakuhesabu minazi, mzee. Wamehesabu hatua."

"Ile minazi baba yangu aliipanda kwa mkono wake. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi Ijumaa sitaki kuiona karatasi ile. Iviringishe, iweke juu ya kabati ilale." Akavaa kofia. "Ukiisimamisha, nami nitasimama. Nitauliza swali moja tu, vyeti vya mwalimu viko wapi. Nina jamaa yangu anakwenda Vanga wiki ijayo, atapita kwa dada yako aulize. Na mtu anayejiita mwalimu naye hakusajiliwa, hiyo si kazi ya bodi tena. Ni kazi ya polisi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angefoka ningemjibu, kufoka ndiyo lugha niliyohitimu. Lakini alizungumza kama mtu anayemwagilia mche, akaondoka.

Nilirudi darasani. Watoto wananitazama. Nikawaambia fungueni ukurasa wa arubaini, wakafungua, na mimi ukurasa wa arubaini sijausoma.

Sasa ombi langu. Huyo jamaa akifika akauliza vyeti vya Bakari, mwambie vilikuwepo, maji yakaingia sandukuni wakati wa masika vikaoza. Usizidishe neno. Wewe ukitaka kusema uongo unaanza kukunja leso, kwa hiyo ikalie mikono. Ukinifanyia hivyo, Ijumaa nitawaambia viko kwako, ramani isimame na mimi nibaki darasani, vyote viwili. Sijawahi kukuomba kitu. Haya, nimekuomba vingi, lakini hiki si kwa ajili ya tumbo langu. Polisi siwaogopi sana, nimelala korokoroni mwa bandari mbili na chai wanatoa. Ninachoogopa ni wale watoto wanitazame halafu wasiinue mkono tena.

Naikatiza hapa, kengele imelia. Kesho nitaiwahisha kwenye basi la Lunga Lunga, ikufikie Vanga.

*

Dada, leo ni Jumamosi na barua bado ninayo. Yale niliyokuomba hapo juu usiyafanye. Ningeweza kuichana karatasi ya kwanza, lakini watoto nimewakataza kufuta kosa mpaka daftari litoboke. Wapige mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. Basi nimeupiga mstari juu ya ombi langu. Saumu alisome hivyohivyo na mstari wake.

Nikueleze kilichonigeuza. Alhamisi asubuhi, barua iko mfukoni tayari kwenda stendi, nikawakuta watoto wanaandika majina chini ya ramani. Wazo lilikuwa la Dama. Kila mmoja jina lake, urefu wa hatua yake, na upande aliotembea, ili mzazi akibisha ajue amwulize nani. Thelathini na wanne wameandika. Chini wameniachia mstari.

"Na wewe mwalimu. Jina, hatua, na cheo chako."

Jina nikaandika. Hatua nikaandika. Kwenye cheo, dada, kalamu ilisimama. Mimi niliyewajazia maafisa wa bandari makaratasi ya kila namna, nikishindwa kuandika neno moja mbele ya watoto wa gredi ya nane. Nikasema nitamalizia Ijumaa. Stendi sikwenda.

Ijumaa ikafika. Wazazi walijaa kwenye kibanda cha kulia chakula, wengine nje juani. Ramani imetundikwa. Mzee Kahindi mezani, karibu na Madam, amevaa koti. Madam akaita gredi ya nane. Nikasimama kabla yao.

"Wazee wangu na mama zangu," nikasema, "kabla ya ramani, mwenyekiti ana swali, na mimi nataka kumpunguzia kazi. Anataka vyeti vyangu. Sina. Kwa dada yangu hakuna vyeti, hata sanduku lenyewe sijui kama liko. Nimesoma mpaka kidato cha pili nikatoroka. Meli nilipanda kweli, lakini nilikuwa jikoni. Aden, Jeddah na Karachi nimeziona kwa dirisha la jikoni nikimenya vitunguu. Biriani niliyoisifia nililetewa kwenye gazeti na mpishi mkuu, na ilikuwa imepoa. Niliwadanganya bodi, nikamdanganya Madam, nikawadanganya watoto hawa."

Sikuweza kuwatazama watoto. Nilitazama sufuria.

Mama mmoja akauliza. "Kwa hiyo wanangu wamefundishwa na mpishi?"

"Na askari, mama. Upishi ulikuwa zamani."

Wachache wakacheka, wengi wakaguna. Mzee Kahindi akainuka taratibu. "Mmemsikia kwa kinywa chake. Mwalimu wa uongo, ramani ya uongo. Iondoeni pale ukutani, tuendelee na mambo ya maana." Vijana wake wawili wakaanza kuja. Neno langu mimi lilikuwa limekwisha thamani dakika ile, kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi akasimama Dama.

"Tsawe," akasema. Huku ndivyo wanavyomwita babu. Na unajua babu na mjukuu ni watani, hapa kuliko hata kwetu. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu mbele za watu, na mjukuu naye ana ruhusa ya kumwambia lolote. Akikasirika babu, yeye ndiye aliyeshindwa.

"Kaa chini, mke wangu," Mzee akasema. "Watu wazima wanazungumza."

"Sikai, mume wangu. Mume gani anajenga ua na mke hana habari? Waya wako umenichana goti nikihesabu."

Kibanda kikalipuka. Mzee mwenyewe mdomo ukacheza kidogo, desturi ni desturi.

"Mwalimu hana cheti, tumesikia," akaendelea. "Hatua nazo zina cheti? Miguu ni yetu. Inuka, mume wangu. Mimi nitembee, wewe uhesabu. Ukipata tofauti na sisi, ramani naichana mwenyewe."

Angekataa, angekuwa mzee aliyemkimbia mjukuu wake kwa utani. Akainuka. Mkutano mzima ukainuka nyuma yao, kina mama na watoto migongoni, vijana wale wawili, Madam na rejista yake, mimi nyuma kabisa. Dama anatembea, babu anahesabu kwa sauti. Mia moja na sitini na tano, wakafika kwenye waya. Mtu akaunyanyua waya kwa fimbo, Dama akainama akapita, na mzee akainama akapita, koti likashika mwiba likachanika kidogo, akaendelea kuhesabu. Mia mbili na kumi, Dama akasukuma makumbi kwa mguu. Bikoni.

Mzee Kahindi akageuka na akanipata mimi kwa macho. "Na minazi yangu? Nimeiona ramani yenu. Minazi mmeipaka rangi ya shule. Huo si wizi?"

Hapo alinishika, dada. Ni kweli. Kila kitu ndani ya mpaka tulikipaka kijani cha shule, na minazi yake imo. Mimi mtoto wa pwani, mjuzi wa dunia, nimesahau kwamba mti na udongo wake vinaweza kuwa na wenyewe wawili. "Kosa ni letu, mzee," nikasema. "Minazi ni yako."

"Ni yangu!" Akaanza kuishika mmoja mmoja, na sauti ikawa ya mtu mwingine. "Huu baba aliupanda nilipozaliwa, akauhamishia hapa ukiwa mche. Huu ni wa mama. Huu wa kuinama tuliupanda mimi na baba, tukachota maji kwenye tangi la shule, watoto wa shule wakatusaidia kubeba, mwalimu wao wa wakati ule akasema pandeni tu, kivuli kitakuwa cha wote..."

Akakatiza hapo, maneno yake mwenyewe yamemfikia masikioni. Shule ilikuwepo kabla ya minazi, na yeye ndiye aliyetuambia.

Dama hakumcheka. Alichukua penseli sikioni. "Basi minazi ni yako, Tsawe, na ardhi ni ya shule. Tutapaka rangi mbili."

Mzee alibaki ameushika ule mnazi wa kuinama. "Nina wana saba wa kiume," akasema, si kwa yeyote hasa. "Shamba halitoshi. Kila siku wananiuliza." Kisha akajinyoosha. "Utoeni huo waya. Nazi nitakuja kuangua mwenyewe, na siku nikija mtu asinifungie lango."

"Nani anafungua lango?" mama mmoja akauliza, na watu wote wakanigeukia.

Madam aliniita ofisini. Polisi hakuna, akasema, Mzee mwenyewe amelifuta neno hilo. "Lakini Jumatatu darasani huingii, Bakari. Nitakwenda ofisi ya elimu nikae mlangoni mpaka wanipe mwalimu." Nikasema naelewa. Akaongeza neno ambalo bado linanichoma: "Ungenieleza tangu mwanzo, ningekuweka uwe msaidizi wangu, na kazi ungefanya hiihii. Sasa umesema mbele ya kijiji kizima, siwezi." Nikamrudishia atlasi na ufunguo wa kabati.

Jioni watoto walipita langoni kwenda kwao. Wengine waliangalia chini. Mvulana mmoja wa dawati la mbele akasimama, uso umemkunjamana. "Na Durban, mwalimu? Durban nayo ulimenya vitunguu?"

"Durban nilishuka. Nusu saa, kununua chumvi."

"Baridi?"

"Ya kupasua midomo. Hilo ni kweli tupu."

Akafikiri. "Mengine tutakuuliza moja moja," akasema, akaenda zake. Lango nililisahau wazi, nikakaa pale kwenye kigoda nikalia, dada, na mbuzi wote waliopita siku ile waliingia.

Leo asubuhi ndiyo Mzee Kahindi amekuja hapa langoni. Nikajua amekuja kuangua, nikafungua mapana. Hakuingia. Alisimama na fimbo yake.

"Wanangu wanagombea mipaka ya shamba," akasema. "Wawili jana wameshikiana mapanga. Nataka lichorwe nikiwa hai, kila mmoja na kipande chake, na kila mnazi na mwenyewe."

"Mimi sina darasa tena, mzee."

"Nani amekutafuta wewe? Natafuta watoto wanaoweza kuhesabu hatua mbele ya watu wenye hasira wasiruke namba. Nimeshamwambia mke wangu."

"Dama kasemaje?"

"Amekubali. Ila amesema lazima awepo mtu mzima mmoja wa kuwabebea maji ya kunywa, na akakutaja wewe." Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Uje basi. Na usiwahadithie wanangu mambo ya Karachi."

Kwa hiyo leo mchana naenda, na usidhani siogopi, maana mapanga yale nimeyaona. Nisalimie shemeji Omari, mumeo, mwambie ile suruali yake niliyoiazima nitaivaa leo na ikirudi nzima tumshukuru Mungu. Nisalimie shangazi Mwanamisi, mkunga wetu, na maalim wa madrasa aliyenitabiria nitafika mbali. Saumu, ahsante kwa kusoma bila kuruka, nami nakuomba ukimaliza umkande mama yako huo mguu kwa maji ya chumvi. Na wewe dada, wakikuuliza mdogo wako anafanya nini huku, waambie vile ilivyo. Ukikunja leso nitajua hata nikiwa huku.

Nimewaona wanakuja barabarani, Dama mbele, wanane nyuma yake na madaftari. Nimejaza madumu mawili na yote ni mazito.

Mdogo wako anayekupenda,
Bakari